Waraka wa Mama Ulibadilishwa Lini

Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu Fundi,

Habari za hapo nyumbani? Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu ninanyamaza, na wewe ukiona nimenyamaza unaanza "halo, halo" mpaka unakata. Si mtandao. Ni mimi. Mtu akiniuliza naendeleaje maneno hayaji. Kuandika naweza, labda kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Naendelea vizuri. Nalala, naamka, naoga, naenda kazini. Tangu tumzike Mama bado sijalia. Jirani yangu wa chini, yule muuguzi, aliniambia machozi yatakuja yenyewe nisiyalazimishe, basi siyalazimishi. Juzi niliungua kidole kwa pasi, nikakitazama. Nilijua kinauma, lakini ilikuwa kama habari niliyoambiwa na mtu mwingine.

Uliwahi kuniuliza nafanya nini hasa ofisini nikakujibu "mambo ya kompyuta", ukasema hata anayezifuta vumbi hufanya mambo ya kompyuta. Ngoja nikueleze leo. Kuna programu ya akili bandia ambayo mtu anaiagiza kazi nayo inaifanya kwa niaba yake. Sisi tunaiita wakala. Wakala hana mikono, kwa hiyo anapewa zana, na kila zana ina ukurasa wake wa maelezo: inafanya nini, itumike lini, isitumike lini. Wakala anauamini ukurasa ule kama ulivyo. Ukurasa ukikosea, naye atakosea, tena bila wasiwasi wowote. Mimi ni mkaguzi wa kurasa hizo kabla hajapewa.

Wiki hii nina zana inayosoma taarifa za mafaili ambayo watu wameyahifadhi mtandaoni. Haifungui faili. Inatazama juu juu tu: jina lake, ukubwa wake, mwenyewe nani, lilianzishwa lini, mara ya mwisho lilibadilishwa lini na nani. Ni kama kushika bahasha ukasoma yaliyo nje bila kuichana. Tupo wanne chumbani, meza nne, kiyoyozi kimoja kinachodondoshea maji kwenye ndoo, na hakuna anayezungumza mpaka saa ya chakula. Pananifaa.

Baba anakula? Bado anaamka akimtafuta Mama? Najua Mama aliandika kwamba Baba abaki kwako, na nimeheshimu, ingawa huku kuna daktari wa wazee mitaa miwili tu kutoka kwangu, na chumba nilishamtengea na mashuka nikanunua. Sisemi kitu. Nauliza tu: ule waraka, Mama aliuandika lini hasa?

Dada yako.


Tarehe 6 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, Baba akisikiliza. Nilipofika pale pa wakala kutokuwa na mikono, akasema, "Basi asiajiriwe." Usidhani Baba hayupo. Anakuja na kuondoka, kama umeme wetu.

Anakula. Mchana anakula vizuri kuliko jioni. Nimehamishia kazi barazani ili nimwone muda wote, kwa hiyo baraza zima sasa ni majokofu ya watu, na mgeni akitaka kuingia ndani anapita kiubavu. Nikifungua mashine namwekea Baba sinia mapajani. Anazipanga skrubu kwa mstari kadiri ninavyozitoa, na wakati wa kufunga ananirudishia moja moja, ya mwisho kutoka ndiyo ya kwanza kurudi. Hakosei. Leo ni siku gani hajui, na mimi mara nyingine ananiita kwa jina la marehemu kaka yake, lakini kwenye skrubu humdanganyi.

Kumtafuta Mama, ndiyo, bado. Mwanzoni nilikuwa namwambia ukweli. Kuna siku nilimwambia mara tatu, na mara zote tatu alifiwa upya. Mara ya tatu alikaa chini sakafuni na kiatu kimoja mkononi. Tangu hapo nasema Mama ametoka kidogo. "Kaenda wapi?" Dukani. "Mbona kachelewa?" Kuna foleni. Anaridhika. Sijui kama ni dhambi, wewe uliyesoma utaniambia.

Waraka aliuandika Novemba, kwenye simu yake, katika ile hifadhi ya mtandaoni, kabla hajalazwa mara ya pili. Hakuugusa tena na mimi sikuugusa, nilikushirikisha humo humo kama ulivyo. Yeye alitaka Baba asihamishwe. Alisema mtu wa hali ile ukimtoa kwenye kuta anazozijua unampoteza kabla hajafa. Si umesoma mwenyewe.

Kulia usihangaike. Mimi nililia kwa niaba yetu sote wawili, na shemeji wa jirani anaweza kushuhudia.

Mdogo wako,
Fundi.


Tarehe 7 Machi

Kwa Msimamizi,

Kuhusu: Ukurasa wa maelezo wa zana ya taarifa za faili

Nimemaliza ukaguzi. Kwa uwazi nimeupa tano kwa tano. Kwa usahihi tano. Kwa ukamilifu nne, kwa kuwa haukuonyesha mfano wa faili lililoshirikishwa kwa watu wengi. Sentensi ni fupi na hazina maana mbili. Kifungu cha tatu, ambacho ndicho kitakachotumika zaidi, kinasema: "Tumia zana hii mtumiaji anapotaka kujua nani alibadilisha maandishi na lini." Wakala amekielewa bila shida.

Nimeijaribu zana kwa mafaili kumi ya majaribio na moja la kwangu binafsi. Yote kumi na moja yamejibiwa.

Napendekeza ukurasa upitishwe.

Mkaguzi, meza ya tatu.


Tarehe 10 Machi

Fundi,

Nitaandika kwa kifupi.

Ile zana niliyokueleza niliijaribu kwenye waraka wa Mama. Sikuwa na nia mbaya, nilihitaji faili moja la kweli. Nilimwuliza wakala: maandishi haya yalibadilishwa mwisho lini, na nani? Akanijibu kwamba maandishi yalibadilishwa na Mama, tarehe 13 Januari, saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Mama alifariki tarehe 11. Tulimzika tarehe 12. Tarehe 13 saa nne asubuhi mimi nilikuwa uani nahesabu viti vya kuazima virudi kwa wenyewe, na wewe ulisema unapeleka turubai.

Umeniandikia kwamba hakuugusa tena, na wewe hukuugusa. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Ningependa nikuambie nina hasira, lakini sina. Nimekaa tu. Nimeandika kwenye karatasi: ni nani alijua neno la siri la Mama? Nikaandika jina moja.

Waraka unasema Baba abaki kwako. Sasa sijui unasema hivyo kwa mkono wa nani. Labda Mama alitaka aje kwangu. Labda aliandika hivyo kabisa. Wewe ulimzoea Baba, ukaona nyumba itabaki tupu, nakuelewa. Ila Mama si wa kuandikiwa.

Mwisho wa mwezi huu nitatuma gari limchukue. Daktari wa huku ameshakubali kumwona.

Dada yako.


Tarehe 18 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimekaa siku nane na barua yako. Mteja mmoja amekuja mara mbili kuulizia jokofu lake, na mara zote mbili nimemwambia kifaa hakijafika, wakati kifaa ninacho mfukoni.

Faili lile halikuwa na jina. Mama hakujua kuweka jina, simu ilijiandikia yenyewe "Waraka usio na jina", na juu yake na chini yake kulikuwa na mengine saba ya hivyo hivyo, namba za watu na orodha za vitu vya dukani. Asubuhi ile nilikaa nyuma ya nyumba na simu yake, nikalipa faili jina, "Maagizo ya Mama", ili ukilipata ulijue. Neno lake la siri nalijua kwa sababu mimi ndiye nilimtengenezea. Ndiyo maana zana yako inakuambia ni yeye. Turubai nilipeleka baadaye. Niliposema sikuugusa sikuhesabu hilo. Kuandika jina juu ya mfuko si kuufungua.

Kama unaona nimekuibia Baba, njoo umchukue. Nguo zake nitazifua na kuzikunja. Ila uje mwenyewe. Usimtumie Baba dereva.

Nilidhani unanijua.

Fundi.


Tarehe 20 Machi

Kwa Msimamizi,

Naomba ukurasa wa zana ya taarifa za faili usitoke. Alama nilizoupa tarehe 7 nazifuta.

Nimefanya majaribio mawili ambayo nilipaswa kuyafanya mwanzoni. La kwanza: nilichukua faili lenye neno moja ndani, "maji". Bila kulifungua, nikabadilisha jina la faili. Ndani neno lilibaki "maji". Zana ikatoa tarehe mpya ya kubadilishwa. Nikamwuliza wakala kama maandishi yamebadilika, akajibu: "Ndiyo, maandishi yalibadilishwa leo saa tatu na dakika kumi asubuhi, na Mkaguzi." Hakusita.

La pili: nilimwomba mwenzangu wa meza ya pili akae kwenye kompyuta yangu aongeze herufi moja. Wakala alisema ni mimi niliyeongeza. Zana inajua akaunti. Haijui nani amekaa kwenye kiti.

Zana yenyewe haina kosa. Inasema inachokijua. Kosa ni letu kwenye kifungu cha tatu, tulipomwambia wakala kwamba tarehe hiyo ni ya maandishi na jina hilo ni la mtu. Ukurasa umeandikwa vizuri, na nilipousoma sikuona mahali pa kuulizia. Ndiyo maana niliupa tano.

Mkaguzi, meza ya tatu.


Tarehe 21 Machi

Mkaguzi,

Ukurasa huu ulikuwa utoke leo mchana. Waandishi wake wamekasirika, nami nimewaambia wakasirike huku wakiandika upya. Ujue tu kwamba wateja wa kwanza wangekuwa shule. Walitaka wakala awatajie wanafunzi waliobadilisha kazi zao baada ya muda kwisha. Mtoto angebadilisha jina la faili kutoka "kazi" kuwa "kazi ya jiografia", akaitwa mdanganyifu mbele ya wenzake, na sisi tungekuwa tumeshapata asante yetu.

Kifungu cha tatu kiandike wewe.

Halafu nina swali, si lawama, ni kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi. Tarehe 7 uliridhika, tarehe 20 ukarudi. Nini kilikurudisha?

Pia, una siku za likizo za msiba ambazo hukuzitumia. Ulikuja kazini siku ya nne. Sikukuuliza wakati ule kwa sababu ulionekana mzima, na nadhani nilikosea.

Msimamizi.


Tarehe 21 Machi, mchana

Kwa Msimamizi,

Kilichonirudisha ni kwamba kuna mtu nilimshuku kwa kutumia zana hii.

Kifungu cha tatu napendekeza kiwe hivi: "Tarehe ya kubadilishwa inaonyesha kwamba kitu fulani kuhusu faili kilibadilika. Haionyeshi ni kitu gani. Jina linaloonekana ni la akaunti, na huenda si la mtu aliyefanya kazi hiyo. Usimwambie mtumiaji kwamba fulani amebadilisha maandishi. Mwambie unachokiona, na mwambie usichokiona."

Kuhusu likizo, nitafikiri.

Mkaguzi, meza ya tatu.


Tarehe 24 Machi

Mdogo wangu,

Nimekukosea.

Nilijaribu ulichosema. Nilibadilisha jina la faili bila kugusa kilichomo, na zana ikasema limebadilishwa, na wakala akaapa kwamba ni maandishi. Kazi ya kukagua ukurasa ule ilikuwa yangu mimi, nikaupitisha, halafu nikautumia kukuhukumu. Wewe hukuwa na njia ya kujitetea, maana nilikuwa na tarehe na saa na dakika, na wewe ulikuwa na neno lako tu.

Gari sitatuma. Baba abaki alipo.

Ningependa barua hii iwe na machozi, ingekuwa rahisi kwako kuipokea. Nimejaribu. Nilikwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma za ofisi, pale wanapovutia sigara, nikajiambia: umemwita mdogo wako mwongo, mama yenu hana miezi mitatu kaburini. Nilijua ni jambo baya sana. Nikakaa. Mtu akaja kuniomba kiberiti, nikamwambia sina, nikarudi ndani.

Nisamehe hivyo hivyo. Msalimie Baba.

Dada yako.


Tarehe 2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Pole kwa kuchelewa.

Ungebaki na hasira zako ningeweza kukaa nazo, nilishajipanga. Huu msamaha ndio umenishinda. Kila nikiinua bisibisi naukuta. Wiki iliyopita nimefunga jokofu la mwalimu mkuu bila kuunganisha waya wa taa, na Baba akaniambia, "Leo huna akili." Hata yeye.

Basi nakuambia. Jina nililiweka, hiyo ni kweli, na faili halikuwa na jina, hiyo pia ni kweli. Lakini nililifungua. Kabla ya kuweka jina nilisoma yote, nikafuta mistari minne. Halafu nikaweka jina, halafu nikapeleka turubai.

Hayo ya Baba kubaki hapa ni yake Mama, neno kwa neno, sikuongeza hata nukta. Nakuapia kwa kaburi lake. Niliyoyafuta ni yako. Yalikuwa yanakuhusu wewe. Nilikuona kupitia dirisha la jikoni umeshika kalamu unahesabu vile viti, unarudia kuhesabu, umekosa kimoja, unaanza tena, macho makavu kama mawe. Nikasema mtu huyu hawezi kusomewa hiki. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Nilipoandika kwamba mfuko sikuufungua, nilidanganya. Na wewe ukaenda ukathibitisha kwa majaribio kwamba sikudanganya. Hilo ndilo lililoniuma.

Mistari haijapotea. Mtaalamu mmoja wa simu aliniambia hifadhi ile hutunza nakala za zamani, ukibonyeza pa historia unaona waraka ulivyokuwa kabla. Wewe unayajua hayo kuliko mimi. Unaweza kuisoma leo hii bila kuniuliza. Au ukaacha. Ningekuwa mimi ningeacha.

Mdogo wako,
Fundi.


Tarehe 4 Aprili

Fundi,

Sitafungua nakala za zamani. Nimefika mpaka kwenye kitufe, nikatoa mkono.

Niandikie wewe. Kwa maneno yake, usipunguze na usilainishe. Kama ni lazima nisikie, nisikie kutoka kwa mtu.

Dada yako.


Tarehe 6 Aprili

Dada,

Haya. Naandika nikiwa nimekaa na Baba, amelala kwenye kiti, mchana. Nakala ya zamani nimeifungua kwenye simu yake, nanakili:

"Binti yangu asipewe baba yake. Si mtu mbaya, ila hana subira na mgonjwa. Nilipolazwa mara ya kwanza alikaa na mimi siku tatu akiangalia saa. Nilimwambia aende kwa sababu niliona anataka kwenda."

Ni hayo tu. Aliandika akiwa anaumwa, na unajua Mama alivyokuwa akiumwa, hata mto ulikuwa na makosa.

Nijibu, hata neno moja. Hata kama ni tusi.

Fundi.


Tarehe 17 Aprili

Mdogo wangu Fundi,

Barua yako niliipata kazini asubuhi. Niliisoma, nikaifunga, nikakagua kurasa mbili za zana ya kalenda. Saa ya chakula nikala. Nilifanya hivyo siku tano, nikidhani imepita. Siku ya sita nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya kupanda lifti, na mbele yangu kulikuwa na mama mmoja amebeba chupa ya chai ya kumpelekea mtu, na nikashindwa kuingia. Lifti ilipanda ikashuka mara nne. Mlinzi akaniletea kiti.

Nataka kukueleza kuhusu zile siku tatu, kwa kuwa wewe ndiye umebaki wa kuelezwa.

Wodi ile ilikuwa na vitanda ishirini na sita na muuguzi mmoja kwa zamu. Sindano ya Mama ilikuwa kila baada ya saa sita, dawa ya maumivu kila baada ya saa nne. Siku ya kwanza walimsahau. Saa mbili nzima alikuwa anauma shuka na mimi sijui kwamba amesahauliwa, nadhani ndivyo ugonjwa ulivyo. Nilipojua, nikaanza kuangalia saa. Robo saa kabla ya kila dawa nilikuwa naenda kusimama mbele ya meza ya muuguzi. Sikusema kitu, nisije nikaonekana msumbufu wakamkasirikia yeye. Nilisimama tu mpaka anione. Hawakumsahau tena. Mama sikumwambia kwa sababu sikutaka ajue yupo mahali ambapo anaweza kusahauliwa. Aliponiuliza natoka kwenda wapi kila mara, nikamwambia nanyoosha miguu.

Halafu siku ya tatu akaniambia, "Nenda mwanangu, una kazi." Nikadhani amenichoka. Nilimwachia muuguzi karatasi yenye saa zote nimeziandika kwa kalamu nyekundu, nikaondoka.

Na wewe sitakuficha, maana tumeshafichana vya kutosha. Ile siku ya tatu, jioni, kuna wakati nilikuwa naangalia saa tu. Wala si kwa ajili ya dawa. Nilitaka kwenda. Kwa hiyo Mama hakukosea kabisa. Aliona kitu kilichokuwepo, akakijumlisha na vingine.

Yote hayo ningeweza kumwambia kwa dakika mbili, alikuwa na miezi minane bado ya kusikiliza. Ndicho ninachokaa nacho sasa. Kinauma, Fundi, na kinauma hapa kwangu, si kama habari ya mtu mwingine. Muuguzi jirani yangu anasema hiyo ni afadhali. Sijui afadhali ya nini.

Kufuta hukufanya vizuri. Ningekuwa wewe pale dirishani nami ningefuta. Yote mawili nimeyakubali, usinitake nichague moja.

Baba sitamhamisha. Mama alisema kweli juu ya kuta. Lakini mimi ninaweza kuhama kidogo. Nimechukua zile siku za msiba, na Msimamizi ameniongezea nyingine bila kunidai barua ya maombi, jumla wiki tatu. Nitafika Ijumaa alasiri. Nitalala kwenye kochi la sebuleni, usihamishe kitu. Utanionyesha anavyooga, dawa zipi kabla ya chakula na zipi baada, na akikataa mnafanyaje. Wewe uende ukatembee, ukakate nywele, ukakae na watu wazima wenzako.

Usimwambie leo kwamba nakuja, atasahau kesho na itabidi uanze upya. Nitabisha hodi mwenyewe. Akiniuliza mimi ni nani, nitamwambia. Akiniuliza tena, nitamwambia tena.

Dada yako.